Shajara ya mradi: mageti matatu na vidole visivyosomeka

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumekabidhiwa rasmi kazi ya mageti: kuweka mfumo unaomtambua mtu kwa mwili wake, si kwa kadi pekee. Kituo kina ghala la kemikali, maabara na chumba cha seva, na watu karibu 400 wanaoingia na kutoka kwa zamu. Geti la 1 ni la barabarani, kila mtu analipita. Geti la 2 linatenga ofisi na upande wa ghala na maabara. Geti la 3 ni mlango wa chumba cha seva, na wanaoruhusiwa kuupita hawazidi 15.

Nimekaa na walinzi wa geti la 1 kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, nikitazama tu. Kadi ikigusishwa, taa ya kijani inawaka, na mlinzi hata hanyanyui kichwa. Mara mbili nimemwona mtu mmoja akigusisha kadi mbili, yake na ya mwenzake ambaye alikuwa hajafika. Mfumo umeandika kwamba wote wawili wameingia. Siku ghala likiwaka moto, tutakuwa tunamtafuta ndani mtu ambaye yuko nyumbani kwake.

Kadi zenyewe ni za MIFARE Classic, aina ambayo usimbaji wake, yaani msimbo unaoficha data zake, ulivunjwa hadharani na watafiti mwaka 2008. Mtu mwenye kifaa kidogo mfukoni na dakika chache karibu na kadi yako anaweza kutengeneza pacha wake. Hata bila kunakili, kadi inathibitisha jambo moja tu: kwamba kadi imefika. Aliyeishika ni nani, haijui.

Wiki ya 1, Jumatano

Kikao na mkuu wa ulinzi. Nilimsomea ukurasa wa kwanza wa mpango, na swali la kwanza kabisa katika ukurasa huo ni hili: mtu halali akikataliwa na mashine, anafanya nini?

Akaniuliza, “Fundi, mbona unaanza na mtu wetu? Anza na mwizi.”

Nilimweleza ninavyoona. Mwizi huenda akaja mara moja kwa mwaka. Mtu halali anayekataliwa atakuja kesho asubuhi, na keshokutwa, na mtondo. Kila akikataliwa, mlinzi atamfungulia kwa mkono kwa sababu anamfahamu, foleni ni ndefu na mvua inanyesha. Mwezi ukiisha, kufungua kwa mkono kutakuwa ndiyo kazi ya kawaida ya geti. Mwizi atapita hapohapo, mlangoni palipozoeleka kufunguliwa, wala hatahitaji kuihadaa mashine.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo lililonifanya nimpende kama mshirika wa kazi: kwamba vijana wake wa zamu ya usiku wanafungua kwa mkono tayari, kila siku, na hakuna anayeandika.

Wiki ya 1, Ijumaa

Uchaguzi wa kiungo cha mwili kitakachomtambulisha mtu. Nimeutumia muda mwingi hapa kwa sababu ukikosea hapa, huwezi kurekebisha baadaye kwa programu.

Umbo la kiganja ni la zamani na limefanya kazi kubwa. Lilitumika kulinda kijiji cha wanamichezo katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na mitambo ya nyuklia imelitumia kwa miaka mingi. Linavumilia uchafu na mikono migumu. Lakini viganja vya watu havitofautiani sana, kwa hiyo linafaa kuhakikisha kwamba wewe ndiye mwenye kadi hii, halifai kumtafuta mtu kati ya mamia.

Uso unavutia kwa sababu mtu hagusi chochote. Nimeuacha, na nimeandika sababu ili atakayerithi mradi asidhani nilisahau. Desemba 2019, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya majaribio ya programu 189 za utambuzi wa nyuso. Katika programu nyingi, makosa ya kumdhania mtu kuwa ni mwingine yalikuwa mengi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya ya Mashariki, na tofauti hiyo ilifika mara 10 hadi 100. Kosa la namna hiyo kwenye geti ndilo linalomfungulia asiyestahili. Ripoti hiyohiyo inasema kwamba programu zilizo bora zaidi zilikuwa na tofauti ndogo, kwa hiyo sisemi uso haufai kabisa. Nasema sitaufunga hapa kwa kuamini karatasi ya muuzaji kabla ya kuujaribu kwa nyuso za watu watakaopita hapa.

Mboni ya jicho, yaani lile duara lenye rangi linalozunguka kitundu cheusi, ndiyo imara kuliko vyote kwa maoni yangu. Njia aliyoibuni John Daugman wa Cambridge, iliyopata hataza mwaka 1994, inageuza michoro ya mboni kuwa msimbo wa biti 2,048, kila biti ikiwa 0 au 1, kisha inahesabu biti ngapi zinatofautiana kati ya jicho lililosajiliwa na lililo mbele ya kamera. Macho mawili tofauti hutofautiana karibu nusu ya biti zote, kama vile umerusha sarafu. Jicho lilelile hutofautiana kwa biti chache zaidi, na nafasi kati ya hali hizo mbili ni pana.

Uamuzi: geti la 1, kadi mpya na kidole. Geti la 2, kadi na mboni, maana watu wa maabara wanavaa glavu na hatutaki wazivue ili kugusa kioo kinachoguswa na kila mtu. Geti la 3, kidole na mboni vyote, tena watu wawili kwa pamoja. Na geti la 1 litakuwa na njia ya pembeni yenye kisomaji cha mboni. Hiyo njia ya pembeni niliombwa kuifuta ili kupunguza gharama. Nimekataa.

Wiki ya 2

Wiki ya hesabu. Muuzaji wa mfumo alipendekeza tuondoe kadi kabisa: mtu aweke kidole, mashine imtafute kati ya wote. Ni jambo la kupendeza kulionyesha kwa wakubwa. Nimekaa na kalamu.

Tuseme kisomaji humfananisha mtu asiye yeye mara 1 katika kila mara 10,000. Mtu akija na kadi, mashine inalinganisha kidole chake na kiolezo kimoja tu, yaani muhtasari wa namba wa kidole kilichosajiliwa, cha mwenye kadi. Nafasi ya mgeni kupita kwa bahati ni hiyo 1 kwa 10,000, na lazima kwanza awe ameiba kadi. Tukiondoa kadi, kidole cha mgeni kinalinganishwa na watu 400 kwa mpigo. Kila mmoja wa hao 400 ni bahati nasibu yake. Ukiizidisha, wageni karibu 4 katika kila 100 watafanana na mtu fulani ndani ya orodha, na lango litawafungulia kwa jina la mtu huyo. Tukisajili vidole viwili kwa kila mtu, nafasi hiyo inakaribia mara mbili.

Kisomaji ni kilekile, kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni swali tunalokiuliza: “huyu ndiye?” au “huyu ni nani?” Nimechora hesabu hiyo ubaoni mbele ya wakubwa, polepole, na kadi imebaki.

Kadi inaleta faida nyingine ninayoithamini zaidi. Kiolezo cha kidole kitakaa ndani ya kadi yenyewe, kimesimbwa, na mwenyewe anatembea nacho. Kwa geti la 1 hatuna haja ya kuwa na rundo la vidole vya watu 400 ndani ya seva moja.

Wiki ya 3, Jumatatu hadi Alhamisi

Usajili. Kabla ya kumgusa mtu yeyote tulifanya mikutano mitatu, kila zamu na wa kwake. Tulieleza tunachokusanya, kinakaa wapi, nani anakiona, na kinafutwa lini. Kijana mmoja wa ghala aliuliza kama alama zake zitapelekwa polisi. Swali zuri, na jibu letu tumeliandika na kulibandika ukutani: hazitoki ndani ya kituo, na mtu akiacha kazi zinafutwa siku hiyohiyo mbele yake akitaka.

Watu wa ofisini walisajiliwa kwa dakika mbili mbili. Tabu ilianza siku ya pili, walipokuja watu wa usafi, waashi wanaokarabati ukuta wa mashariki, na wapakiaji wa ghala.

Mama mmoja wa usafi, mtu mzima, alikaa mbele yangu akaweka kidole cha shahada kwenye kioo. Kwenye skrini kidole cha kawaida huonekana kama shamba lililolimwa kwa matuta: mistari myeusi inayopinda, hapa mmoja unakatika, pale mmoja unagawanyika mara mbili. Mashine inaishi kwa hizo sehemu za kukatika na kugawanyika. Cha mama huyu kilikuwa doa la kijivu. Katikati palikuwa peupe kabisa, pembeni mistari michache imevunjikavunjika, na nyufa mbili nyeupe zimekata kidole kwa mshazari.

“Mwanangu,” akasema, “vidole vyangu vimeliwa na sabuni. Miaka ishirini na moja.” Akaanza kuvisugua kwenye kanga yake kama anayevionea haya.

Nilimwambia, “Hapana mama, kasoro ni ya mashine. Tutatafuta njia.” Na nilimaanisha. Tulivipaka maji kidogo, tukavifuta, tukasubiri vipate joto. Tulijaribu kidole cha pete, ambacho mara nyingi huchakaa kidogo kuliko shahada na gumba. Mkono wa kushoto ulitoa picha afadhali, lakini alama ya ubora ilibaki chini ya kiwango tulichoweka. Ningeweza kukishusha kiwango kwa ajili yake na kumwandikisha. Ndivyo wengi wanavyofanya ili asilimia ya usajili ionekane nzuri. Lakini kiolezo kibovu kitamkataa kila asubuhi mbele ya foleni, na siku nyingine kitampokea mtu mwingine, kwa sababu kina alama chache mno za kutofautisha.

Wapo wengine ambao sababu yao ni ya ndani zaidi. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta kabisa alama za vidole. Jarida moja la kitabibu lilieleza mwaka 2009 habari za mgonjwa aliyezuiwa uhamiaji Marekani kwa sababu hakuwa na alama. Nimewaagiza wasajili wasimuulize mtu yeyote kwa nini vidole vyake havisomeki. Waandike “njia ya pembeni” na basi. Sababu ni siri ya mwenyewe.

Mwisho wa usajili: watu 23 hawakusajilika kwa kidole. Wote 23 wamesajiliwa kwa mboni. Mama wa usafi aliambiwa afumbue macho na atazame duara la buluu, na katika sekunde mbili ikalia. Akauliza, “Imekwisha?” Imekwisha, mama.

Wiki ya 4

Nyaya. Jumanne nilifungua kisomaji cha geti la 1 kilichofungwa na mkandarasi wiki iliyopita, na kilichokuwemo kimenikosesha usingizi.

Relei, yaani swichi ya umeme inayofungua kufuli, ilikuwa ndani ya kisomaji chenyewe, upande wa nje, upande wa barabara. Maana yake mtu yeyote mwenye bisibisi anafungua skrubu mbili, anakutana na nyaya mbili, anazigusanisha, na lango linafunguka. Kidole hakihitajiki. Nilimwita mkuu wa ulinzi aje aone kwa macho yake, nikafanya hivyo hivyo mbele yake. Tangu kutoa bisibisi mfukoni hadi lango kulia “tak”, hata dakika moja haikutimia.

Tumebomoa na kuanza upya. Kisomaji cha nje sasa kazi yake ni kusoma na kupeleka habari tu. Uamuzi wa kufungua unafanywa na kidhibiti kilicho ndani, kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na waya wa kufuli ya lango hautoki nje kamwe. Kisomaji kikibanduliwa ukutani, swichi ndogo iliyo mgongoni inapiga kengele kwenye chumba cha walinzi.

Tumebadilisha na lugha inayotumika kati ya kisomaji na kidhibiti. Mkandarasi alikuwa ametumia Wiegand, ya miaka mingi, isiyo na usimbaji wowote. Katika muundo wake maarufu wa biti 26, namba ya kadi ina biti 16, yaani namba 65,536 basi, na inapita kwenye waya uchi. Anayeupata waya anaweza kuirekodi na kuirudia kesho. Sasa tunatumia OSDP, yenye mawasiliano ya pande mbili na usimbaji wa AES. Nikaangalia kila kisomaji kama ule usimbaji umewashwa kweli, maana vifaa vingine huja na ufunguo wa kiwandani unaofahamika. Viwili vilikuwa bado na ufunguo huo.

Wiki ya 5

Umeme na moto. Nimeandika kidogo lakini tumefanya mengi.

Kufuli ya sumaku hushika mlango wakati umeme unapita. Ukikatika, inaachia. Kufuli nyingine hufanya kinyume: umeme ukikatika inabaki imefunga. Kwa kila mlango lazima uamue mapema unataka nini, na uhai wa watu unatangulia. Mageti 1 na 2 yanaachia upande wa kutoka kengele ya moto ikilia, na muunganisho huo ni wa waya wa moja kwa moja, haupiti kwenye seva wala programu. Geti la 3 linabaki limefungwa kwa nje, lakini ndani lina kitasa cha mkono kinachofungua daima, hata giza likiingia na kila kitu kikizimika.

Alhamisi saa 5 asubuhi tulikata umeme wa kituo kizima kwa makusudi. Betri za akiba zilishika. Tulizikata nazo. Mageti yaliachia kama tulivyotaka, na walinzi wakakimbilia nafasi zao, isipokuwa mmoja aliyebaki ndani ya kibanda akisubiri mfumo urudi. Tutarudia zoezi Jumanne, na tutalirudia kila mwezi.

Wiki ya 6

Tumejaribu kujihadaa wenyewe.

Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Yokohama walitengeneza vidole vya bandia kwa jelatini, kitu cha jikoni, wakajaribu visomaji 11 vilivyokuwa sokoni. Vyote vilivipokea. Mwaka 2013, siku chache tu baada ya simu ya iPhone 5S kuingia sokoni, kundi la Chaos Computer Club la Ujerumani lilipita kisomaji chake kwa kidole cha bandia kilichotokana na picha ya alama iliyoachwa juu ya kioo. Kidole chako unakiacha kwenye kila glasi unayoinywea. Hakifai kuchukuliwa kama siri.

Kwa hiyo nilitoa kidole changu, tukatengeneza nakala, tukaijaribu kwenye aina mbili za visomaji tulizoletewa. Aina ya kwanza iliikubali mara ya tatu. Ya pili, ambayo humulika ngozi kwa mianga ya rangi kadhaa na kusoma hadi chini ya ngozi ya juu, iliikataa kila mara katika majaribio 40. Aina ya kwanza imerudishwa kwa muuzaji. Alitukumbusha kwamba karatasi zake zilitaja “utambuzi wa kidole hai”. Nilimwomba ripoti ya majaribio ya maabara huru kwa kufuata ISO/IEC 30107, kiwango cha kimataifa cha kupima kama mashine inagundua viungo vya bandia. Hakuwa nayo.

Faida ya ziada ya hiyo aina ya pili sikuitarajia kwa kiasi hiki: inasoma vidole vikavu na vilivyochakaa vizuri zaidi. Kati ya wale 23, tuliwaita tena, na 14 walisajilika kwa kidole. Waashi wote wamo. Wamebaki 9.

Wiki ya 7, Jumatatu

Siku ya kwanza ya majaribio kwa watu wote. Foleni ilifika barabarani.

Watu wapatao 250 wanaingia kati ya saa 1 na nusu na saa 2 asubuhi. Kwa kadi pekee kila mtu alitumia sekunde 3. Kwa kadi na kidole tulipima wastani wa sekunde 8 siku ya leo, maana watu hawajazoea: wengine wanaburuza kidole, wengine wanakigusisha na kukitoa kabla mashine haijamaliza. Sekunde 8 kwa mtu ni watu 225 kwa nusu saa kwa njia moja. Haitoshi, na hapo sijahesabu wanaorudia. Kesho tunafungua njia ya pili ya kuingilia.

Saa 2 kasoro mkuu mmoja alikuja akiwa amekasirika akaniagiza nilegeze kizingiti, yaani nikubali vidole vinavyofanana kwa kiasi kidogo zaidi. Nilimwomba radhi kwa foleni, nikamweleza kwamba kizingiti ni kama mizani ya pande mbili. Ukikishusha, wanaokataliwa kimakosa wanapungua, wanaopokelewa kimakosa wanaongezeka. Huwezi kushusha upande mmoja peke yake. Foleni ya leo haikuletwa na kizingiti, imeletwa na njia moja na watu wasiozoea. Alikubali kunipa siku tano.

Wiki ya 7, Jumatano

Niliikuta barua ya mlinzi mezani: geti la 2, mboni, “mashine inalala kila jioni”. Nimekwenda kukaa pale kuanzia saa 9 alasiri. Saa 10 na dakika chache jua likashuka kwenye upenyo kati ya majengo mawili na kuipiga kamera usoni. Kamera ya mboni hutumia mwanga ulio karibu na mwekundu, usioonekana kwa macho yetu, na jua lina mwanga huo tele. Picha ilijaa weupe. Watu nao walikuwa wanakunja macho, nusu ya mboni imefichwa na kope.

Tumeweka kipaa cha bati juu yake na kuigeuza kamera ielekee kaskazini. Jioni ya leo watu wote 31 waliotoka wamepita.

Ningalisoma kumbukumbu za mfumo ofisini kwangu, ningaliona tu neno “imeshindwa” mara nyingi. Mlinzi ndiye aliyeandika “kila jioni”.

Wiki ya 7, Ijumaa

Wastani sasa ni sekunde 5 kwa mtu. Njia mbili. Foleni imekwisha saa 2 kasoro dakika 10.

Waliokataliwa leo kwa jaribio la kwanza ni 19 kati ya mapito 800 na ushei. Nilipofungua majina nikaona jambo ambalo asilimia inaficha: mapito 13 kati ya hayo ni ya watu wanne walewale. Mwaka 1998 George Doddington na wenzake, wakichunguza utambuzi wa sauti, waliwagawa watu kwa majina ya wanyama: kondoo ni wanaotambuliwa kwa urahisi, mbuzi ni wanaokataliwa mara kwa mara. Jambo lenyewe ni kweli kabisa na kila fundi anapaswa kulijua. Jina silitumii mbele ya watu. Hao wanne tumewaita mmoja mmoja na kuwasajili upya vidole vingine.

Wiki ya 8

Utaratibu wa njia ya pembeni umepitishwa leo, baada ya mabishano ya saa mbili. Nauandika wote kwa sababu ndio moyo wa kazi hii.

Mtu akikataliwa mara tatu, haendi nyuma ya foleni wala habaki kusimama mbele ya wenzake. Anaingia njia ya pembeni, anatazama kisomaji cha mboni, anapita. Mboni nayo ikigoma, mlinzi wa dirishani anaiona kwenye skrini picha iliyopigwa siku ya usajili, mtu anaingiza namba yake ya siri, na kiongozi wa zamu, ambaye hakai kibanda hicho, anaidhinisha kutoka kwenye mashine yake. Mlinzi peke yake hana kitufe cha kufungua. Kila ufunguzi wa namna hii unaandikwa wenyewe, na kila Ijumaa tunaketi kuisoma orodha nzima.

Kitufe ndicho kilichozua mabishano. Walinzi waliona kama wanavuliwa imani. Mkuu wao aliwaambia kwa upole kwamba mlinzi asiye na kitufe hawezi kushikiwa bastola afungue, wala hawezi kuombwa na bosi mwenye haraka. Wazee wawili wa zamu ya usiku ndio waliokuwa wa kwanza kukubali.

Siku hiyohiyo tumefunga suala la data tunazohifadhi. Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zilikuwa zimeibwa kwenye mitambo yake. Nywila ikiibwa unabadilisha. Vidole ni kumi, na havibadilishwi. Kuna wanaojiliwaza kwamba tunahifadhi kiolezo cha namba tu, si picha, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha mwaka 2007 kwamba kutoka kwenye kiolezo cha kawaida unaweza kujenga upya picha ya kidole inayoweza kuihadaa mashine. Hivyo picha za vidole na mboni zilizochukuliwa wakati wa usajili zimefutwa, violezo vya mboni vimesimbwa kwa ufunguo usiokaa kwenye seva hiyohiyo, na nimejaribu mwenyewe kumfuta mtu: nilijisajili kwa jina la majaribio, nikajifuta, nikamtafuta kwenye nakala za akiba. Nilimkuta. Nakala za akiba zilikuwa zinatunza waliofutwa kwa siku 90. Tumeshusha hadi 7, na lile tangazo la ukutani tumelirekebisha liseme ukweli huo.

Wiki ya 9, Jumatatu

Daftari la geti la 1 limefungwa leo na kupelekwa kumbukumbu.

Nilisimama njia ya pembeni kuanzia saa 12. Mama wa usafi alifika saa 12 na robo, ndoo mkononi. Hakuishusha. Alinyanyua uso, akatazama duara la buluu, lango likazunguka, akapita akiendelea kuzungumza na mwenzake.

Yaliyobaki: kipaa cha kudumu cha geti la 2, zoezi la umeme Jumanne, na watu 2 kati ya wale 9 ambao mboni zao nazo zinasumbua, mmoja amefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni na atarudi kwangu Alhamisi tujaribu lile jingine.